Ngazi za Don Evelio

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya mshahara:
kwenda elfu tatu, kurudi elfu tatu.
Peso ina sifuri nyingi na nguvu chache.
Marleny, tunayepiga naye pasi kule hotelini,
akachungulia tarakimu zangu, akaguna.
Yamile, mwanamke wa miaka hamsini na moja
hanunui baiskeli. Hununua viatu vizuri.
Nikamwuliza, hivyo viatu vitanifikisha Bosa?

Jumamosi nikaenda Siete de Agosto,
ambako baiskeli hutundikwa darini
kama nyama buchani.
Don Evelio Tibaduiza alikuwa anafuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Akaniteremshia nyekundu, giya ishirini na moja,
springi mbele, springi nyuma,
kila kitu kinacheza isipokuwa bei.

Akaniteremshia nyeusi, laki na nusu tu.
Nikainama, nikapapasa chini ya pedeli
mahali panapokaa namba.
Pamepitishwa tupa. Chuma kinang'aa
kama ufizi uliong'olewa jino.
Kuna mtu katika mji huu anatembea kwa miguu
ili bei hii iwepo.
Nikanyamaza. Don Evelio akakohoa,
akairudisha nyuma ya pazia.

Zikabaki mbili. Ya kijani, chuma cha zamani,
kizito, cha kuaminika, kama shemeji.
Na ya kijivu, rangi imembabuka,
jina la kiwanda limebaki herufi mbili
zisizosema neno.

Jaribu, akasema, zunguka mtaa.
Kuendesha najua, bwana.
Boyacá baba alikuwa nayo moja, wanawe wa kiume wanne,
nami niliiendesha wakiwa kanisani.
Nionyeshe ngazi.

Ngazi?

Naishi ghorofa ya nne. Lifti yangu ni magoti.
Baiskeli italala ndani
au itaamkia kwa mwizi.

Alicheka, kisha akaona sicheki.
Ngazi zilikuwa pale nyuma, nyembamba, kumi na saba,
na juu yake mama yake, Doña Hermelinda,
anakunywa supu ya viazi.

Nikapanda na ya kijani begani.
Kwenye ngazi ya tisa nikaona nyota,
ya kumi na mbili hendeli ikakwaruza ukuta,
nikafika juu bila sauti.
Doña Hermelinda akanitazama, akatazama baiskeli.
Hiyo itakuua, akasema, akarudi kwenye bakuli.

Nikashuka. Nikapanda na ya kijivu.
Nilipofika juu nilikuwa na pumzi
ya kumwambia shikamoo ya kwao,
na yeye akasogeza kiti.

Laki tatu na themanini, akasema Don Evelio.
Ninazo laki tatu, arobaini na mbili elfu.
Basi tutoe madigadi.
Thubutu! Mvua ya hapa haina miadi.
Niingie kwenye mashati meupe ya wageni
na mstari wa tope mgongoni?
Tutoe taa.
Natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri.
Tutoe kengele.
Hapo nikafikiri.
Toa kengele. Sauti ninayo.

Evelio! mama akaita kutoka juu,
mpe na pampu!

Jumatatu nilifika kazini kabla ya Marleny,
mapaja yanatetemeka kama mashine ya kukausha.
Njiani nilipiga kelele mara sita,
mara ya tano nilimpigia mbwa.
Jioni nikaibeba hadi ghorofa ya nne,
nikaiegemeza jikoni kando ya mtungi wa gesi,
ikachuruzika maji juu ya magazeti.

Ukutani nilikuwa nimeandika hamsini na saba,
siku za nauli zitakazoilipa.
Nikafuta. Nikaandika hamsini na sita.

Mkononi mwa koti langu kuna doa la grisi.
Hadi lini nitang'arisha nguo za watu?
Ninajua dawa yake, chaki na sabuni ya vyombo,
kazi ya dakika nne.
Nimeliacha lilale.